Muuguzi hapimwi kwa mtihani wa karatasi pekee

Wasomaji wanaonifahamu watashangaa mtu wa fonolojia na sintaksia alikuwa akitafuta nini katika wodi ya watoto. Jibu ni kwamba niliitwa. Chuo kimoja cha uuguzi, ambacho sitakitaja kwa kuwa kasoro nitakayoieleza si yake peke yake, kilitaka kutathmini ufanisi wa mafunzo yake ya diploma, na mkuu wake akaonelea kwamba katika jopo la watathmini awemo mtu mmoja wa lugha. Nilidhani nitapewa ripoti za wanafunzi nizisahihishe sarufi. Badala yake nikapewa koti jeupe na kiti katika pembe ya wodi, na kwa siku mbili wagonjwa wakaniita daktari. Mimi ni daktari kweli, lakini wa maneno, na katika mahali kama pale cheo hicho ni cha hatari.

Kabla ya kwenda wodini tulifanya kikao kirefu juu ya takwimu. Chuo kilikuwa na kila sababu ya kujivunia. Wanafunzi walio wengi walikuwa wamefuzu mitihani ya chuoni na ule wa Baraza la Wauguzi la Kenya, ambao pasipo kuupita hakuna anayesajiliwa. Hojaji walizojaza wanafunzi wenyewe zilikuwa zimejaa sifa: wakufunzi wanafundisha vyema, maktaba inatosha, chakula ni cha kuvumilika. Mjumbe mmoja alipendekeza tuandike kwamba mafunzo yana ufanisi mkubwa, kisha tuondoke.

Nadhani kikao kingemalizikia hapo lau mwenzetu mmoja, mkunga mstaafu mwenye ulimi mkali, hangeuliza: “Na wagonjwa, je, wamepona?”

Swali hilo si geni katika taaluma ya tathmini. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza kwamba mafunzo yoyote hupimwa katika ngazi nne. Ya kwanza ni kama wanafunzi waliyafurahia. Ya pili ni kama walijifunza kitu. Ya tatu ni kama walichojifunza kimebadilisha utendaji wao kazini, na ya nne ni kama utendaji huo umezaa matokeo yaliyokusudiwa. Hojaji za wanafunzi ni ngazi ya kwanza, na mitihani ni ya pili. Chuo chetu kilikuwa kimepanda vidato viwili na kuketi. Sisemi hivyo kwa dharau; sisi wa vyuo vikuu aghalabu hatuvuki hata hicho cha pili.

Basi twende wodini. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuwa akitahiniwa. Mbele yake alikaa mama wa umri wa miaka ishirini na kitu, amempakata mtoto aliyekuwa amelazwa kwa kuharisha na siku hiyo alikuwa akiruhusiwa kwenda nyumbani. Mtahini alishika orodha ya mambo ya kutazamwa, na kila jambo lilipotendeka akalitia alama. Mtindo huu wa kutahini kwa vitendo una asili yake Dundee, Uskoti, ambako Ronald Harden na wenzake waliueleza mwaka 1975, na kwa hakika ni bora kuliko kumwuliza mwanafunzi aandike insha kuhusu namna ya kuosha mikono.

Msichana yule alikuwa hodari. Alimwamkia mama kwa heshima, akaosha mikono, akampima mtoto joto, akatazama kama ngozi yake inarudi upesi ikifinywa. Kisha akamwonyesha paketi ya unga wa kurejesha maji mwilini, ule akina mama wanaouita ORS, na tembe za zinki. Akasema: “Mama, hii utadisolvu kwenye maji safi, umpe kila akipata lusi stuli. Na hizi umpe wansi deili. Tumeelewana?” Mama akaitikia, “Ndiyo, sista.” Mtahini akatia alama penye maneno “ametoa maelezo kwa mgonjwa.”

Walipokwenda kitanda kingine nilimsogelea yule mama. Nilimwomba, tafadhali dada, nieleze mimi utakavyofanya ukifika nyumbani. Akanieleza bila wasiwasi. Atatia unga ule kidogo kidogo katika kikombe, kama glukosi, mpaka maji yawe na ladha. Zile tembe atampa mtoto hadi aache kuharisha, na zitakazobaki ataziweka, maana kuna mwingine nyumbani.

Wauguzi wanaosoma makala haya wameshashtuka. Paketi ile huyeyushwa yote kwa mara moja, katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Maji yakipungua, chumvi huzidi, na mchanganyiko uliokusudiwa kumwokoa mtoto ukamdhuru. Zinki nayo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Nilimwita msichana yule pembeni nikamwuliza mambo hayo kwa Kiingereza. Alinijibu yote sawasawa, kwa kipimo na kwa siku, na akanieleza na sababu. Maarifa alikuwa nayo kichwani. Yalikuwa yamekwama upande mmoja wa lugha.

Tulirudi kwa mama pamoja. Safari hii mwanafunzi aliomba chupa ya maji ya lita moja, akamwonyesha alama ya kufikia, akamwambia amweleze tena yeye mwenyewe. Ilichukua dakika nne hivi. Sikuona mahali pa kutia alama kwa dakika hizo nne katika orodha ya mtahini.

Asilaumiwe msichana. Amefundishwa kwa Kiingereza, vitabu vyake ni vya Kiingereza, mtihani wake ni wa Kiingereza, na kisha tunamtuma kwa raia wanaougua kwa Kiswahili, Kikamba au Kiturkana. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini sikuona katika chuo kile saa hata moja ya kumfunza mwanafunzi namna ya kuuliza habari za choo, hedhi au mkojo kwa maneno ambayo mtu mzima anaweza kuyajibu bila kuona haya. Wanafunzi huokota maneno hayo korido kwa korido. Lugha yenyewe si maskini. Kitenzi “kuuguza” kimetokana na “kuugua” kwa kiambishi kilekile kinachotupa “kuliza” kutokana na “kulia”, lakini maana yake haikuwa kumtia mtu ugonjwa. Ilikuwa kukaa naye katika kuugua kwake. Huwa nawapa wanafunzi wangu wa mofolojia neno hili kila mwaka, na kila mwaka linawatatiza.

Kuna watakaosema kwamba ngazi ya nne haipimiki, kwa kuwa mgonjwa hupona au hufa kwa mambo mengi ambayo chuo hakiwezi kuyaepusha. Wana haki kwa sehemu. Muuguzi bora akipelekwa katika wodi isiyo na glavu, yenye wagonjwa sitini na wenzake wawili, hataonekana bora. Hata hivyo kupima kumewezekana kwingine. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya, wakaona kwamba kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa aliyepasuliwa kufariki katika muda wa siku 30 ulipungua kwa asilimia 7. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba kumwongezea muuguzi mgonjwa mmoja kunaupandisha uwezekano huo kwa asilimia 7. Sitaki mtu achukue nusu ya kwanza akaiacha ya pili, kama wanavyopenda kufanya wanaotaka kujenga vyuo bila kuajiri. Wala uhusiano huo si thibitisho kwamba shahada ndiyo sababu.

Hapa kwetu tulipata fursa nzuri mwaka 2005, AMREF na washirika wake walipoanzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta yaliyonuia kuwapandisha wauguzi 22,000 kutoka cheti hadi diploma. Ulikuwa mpango wa kusifiwa, maana muuguzi alisoma huku akiendelea na kazi. Lakini wengi wetu tulichouliza ni wamehitimu wangapi.

Nilipendekeza kwa jopo mambo mawili tu. Kwanza, chuo kiwafuate wahitimu wake huko walikoajiriwa baada ya mwaka mmoja, kiwatazame wakifanya kazi na kuwauliza wasimamizi wao. Hilo lilikubaliwa, ingawa mhasibu alikunja uso alipofikiria nauli. Pili, orodha ya mtahini ibadilishwe: penye “ametoa maelezo” paandikwe “mgonjwa ameweza kuyarudia maelezo kwa usahihi”, na mgonjwa asipoweza, mtahiniwa asipewe alama.

Pendekezo hili la pili lilizua ubishi. Mkufunzi mmoja alisema tutakuwa tunamwadhibu mwanafunzi kwa ujinga wa mgonjwa. Yule mkunga mstaafu alimtazama kwa muda, akafungua mkoba wake, akavaa miwani na kumwomba arudie maneno hayo polepole ili yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano. Mkufunzi hakuyarudia. Suala hilo limeahirishwa hadi muhula ujao, na nimeambiwa nije na koti langu.