Kenya: Nati ya bol jointi inapogoma kufunguka

Mjini Mombasa, ambako hewa ya bahari huharakisha kutu, fundi anayebadilisha bol jointi aghalabu hukwamishwa na nati moja: spana huzunguka, nati huzunguka, lakini haitoki.

Bol jointi ni kiungo cha tufe kinachounganisha mkono wa sasipensheni na sehemu inayobeba gurudumu. Bolti yake imechongoka kama kabari, na hushikwa kwa kubanwa ndani ya tundu lake. Kutu ikiing'ang'ania nati huku kabari imelegea, bolti huzunguka pamoja na nati. Hapo kuongeza nguvu ni kazi bure.

Njia ya kwanza ni kusugua kutu kwa brashi ya waya, kutia mafuta ya kulainisha na kusubiri. Kisha, gari likiwa juu ya stendi imara, jeki huwekwa chini ya kiungo na kuinuliwa kidogo ili kabari ibane tena. Bolti yenye tundu la pembe sita nchani hushikiliwa kwa alenki. Yote yakishindikana, nati hukatwa.

Moto haufai iwapo kiungo kitatumika tena, kwani huunguza mpira na grisi yake.

Nati iliyoharibika au kukatwa hairudishwi. Mpya hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, na pini yake, ikiwapo, hubadilishwa. Kiungo hicho kikichomoka safarini, gurudumu hulala na usukani hauliongozi tena.