Tumbo Likiondolewa, Mizani Huhamia Sahanini

Anayesafiri kwa barabara ya Morogoro hawezi kupita Vigwaza bila kuona foleni ya malori kwenye mizani. Kila lori huingia kwa zamu, hupimwa uzito, ndipo huruhusiwa kuendelea. Kusingekuwa na mizani, barabara ndiyo ingeumia.

Tumbo letu lina kazi kama hiyo. Hupokea chakula, hukikoroga mpaka kilainike, kisha msuli wa mviringo ulio mwishoni mwake hukipitisha kidogokidogo kwenda kwenye utumbo mwembamba. Saratani inapomlazimu daktari kukata sehemu ya tumbo au kuliondoa lote, mlinda lango huyo mara nyingi huondoka nalo. Mwaka 1881, jijini Vienna, Theodor Billroth alifanikiwa kukata sehemu ya tumbo lenye saratani. Mwaka 1897, huko Zurich, Carl Schlatter aliondoa tumbo zima na mgonjwa wake akapona upasuaji. Kumbe mtu anaweza kuishi bila tumbo. Linalobaki ni kujua ataishi vipi.

Tazama kikombe kimoja cha uji wenye sukari nyingi. Kwa aliyepasuliwa, uji huo huteremka kwa mkupuo hadi utumboni, na sukari yake huvuta maji kutoka kwenye damu. Kabla nusu saa haijaisha, tumbo linasokota, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, pengine anaharisha. Saa moja hadi tatu baadaye, insulini iliyotoka kwa wingi huishusha mno sukari ya damu, naye hutetemeka na kupata kizunguzungu. Na uji mtamu, soda na juisi ndivyo tunavyombebea mgonjwa wodini, kwa mapenzi yetu yote.

Dawa kubwa ni mpangilio wa kula. Milo iwe midogo, sita hadi minane kwa siku. Tonge litafunwe mpaka lilainike. Yai, samaki na maharage yaliyopondwa yatangulie, sukari ipungue. Maji yanywewe nusu saa kabla au baada ya chakula, si pamoja nacho.

Kuna jambo jingine lisiloonekana sahanini. Tumbo hutengeneza protini inayouwezesha mwili kufyonza vitamini B12. Tumbo lote likiondoka, akiba iliyo kwenye ini huweza kudumu miaka kadhaa, kisha damu hupungua na miguu hufa ganzi. Ndiyo maana mgonjwa huyo huhitaji B12, aghalabu kwa sindano, maisha yake yote, hata akijiona mzima. Asiache kliniki.

Miezi ya kwanza huwa migumu: uzito hushuka, uchovu humwandama. Kwa wengi, hali huanza kutengemaa kati ya miezi sita na mwaka. Kinachowaumiza zaidi nyakati hizo huwa ni maneno. Kwetu Pwani, asiyemaliza sahani huulizwa kama chakula hakikumpendeza, na mgonjwa aliyekula vijiko vitano huambiwa ajikaze. Hajakata tamaa huyo; amefuata kipimo chake.

Basi ndugu msomaji, ukimkaribisha nyumbani aliyefanyiwa upasuaji huu, mpakulie kidogo, usimhimize amalize, na baada ya saa mbili mkaribishe tena.