Je, Wajua? Paa la Kioo Lililobuniwa na Mtunza Bustani

Wapenzi wa soka wanaijua Crystal Palace kama timu ya London. Kabla ya timu hiyo kuwapo, hilo lilikuwa jina la jumba la chuma, mbao na vioo lililosimamishwa Hyde Park kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya mwaka 1851. Urefu wake ulikuwa kama mita 563, na vioo vyake karibu 300,000. Miti mikubwa iliyokuwa katikati ya kiwanja haikukatwa. Jumba lilijengwa juu yake, ikabaki hai ndani.

Mbunifu wake, Joseph Paxton, hakusomea usanifu wa majengo. Alikuwa mtunza bustani mkuu wa Duke wa Devonshire, huko Chatsworth, na kujenga nyumba za vioo za kukuzia mimea ya nchi za joto kulikuwa kumemfundisha kwamba maji hulishambulia paa la kioo kutoka pande mbili. Ya mvua hutoka juu. Mengine huzaliwa ndani: hewa yenye unyevu ikigusa kioo cha baridi hugeuka matone. Waliolala chini ya bati nyanda za juu wanalijua jasho hilo la alfajiri.

Kioo kikilazwa bapa, matone hudondokea watu. Kwa hiyo Paxton alilikunja paa likawa migongo midogo mingi, vioo vikainama kiasi cha kulifanya tone liteleze hadi ukingoni. Hapo ukingoni ndipo ninapomvulia kofia. Kila boriti ya mbao ilichongwa kwa mashine, ikawa na mfereji mpana juu wa kupokea mvua, na vijifereji viwili ubavuni, chini ya vioo, vya kukinga jasho la ndani. Boriti yenyewe iliinuliwa kidogo katikati ili maji yakimbilie ncha zote mbili. Huko yaliingia katika nguzo za chuma zenye uwazi ndani, yakashuka hadi mabomba ya chini ya sakafu.

Mifereji hiyohiyo ikawa reli. Mafundi walikaa kwenye vigari vilivyofunikwa turubai, magurudumu yakipita mferejini, wakapachika vioo hata mvua iliponyesha. Kuna wiki ambayo mafundi 80 walipachika vioo zaidi ya 18,000.

Siku hizi kioo cha paani huwa cha tabaka zilizogandishwa pamoja, ili kikivunjika vipande visianguke. Lakini fremu nyingi za madirisha ya paani bado zina kijifereji cha kukinga jasho. Kabla ya kununua, kitafute kwa kidole. Kama hakipo, dari inaweza kuja kuoza.

Joto halikumwacha Paxton salama. Alitandaza vitambaa vya pamba juu ya paa na kuweka ukutani vibao vya kufunguka ili hewa ipite, na bado wageni walitokwa jasho. Hiyo ilikuwa London. Karibu na Ikweta jua la saa sita hupiga utosini, na kioo kilicholala hulipokea lote. Kwetu hufaa zaidi kijipaa kilichoinuliwa juu ya paa kuu, chenye madirisha ya wima pembeni na ukingo mpana wa kuyatia kivuli. Mwanga huingia, na madirisha yakifunguka, hewa ya moto hupata pa kutokea.