Jiko gani linafaa nyumbani? Jambo la mapishi, jambo la amani



Katika mikutano ya amani tunazungumza sana juu ya ardhi, silaha na uongozi. Juu ya jiko hatuzungumzi. Hata hivyo, katika kazi yetu hapa Kivu ya Kaskazini tumekuta magomvi mengi yaliyoanzia kwenye kuni za kupikia.

Siku moja tuliitwa katika kijiji kimoja cha Masisi ili kupatanisha wenyeji na familia zilizokimbia vita. Mwenye shamba alikuwa amekuta mikaratusi yake michanga imekatwa usiku. Aliipanda ili siku moja ilipe masomo ya watoto wake. Alituambia kwamba aliwapa wageni mahali pa kulala, nao wakamlipa kwa panga. Mama mmoja kati ya waliokimbia akasimama akasema kwamba yeye hakuja kuiba miti, lakini watoto hawawezi kula maharagi mabichi. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Ndipo tulipouliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza mbele: familia moja inachoma kuni kiasi gani kwa siku, na kwa nini ni nyingi hivyo?

Tangu siku ile tunasema hivi: anayechagua jiko anachagua pia nani atakwenda kutafuta kuni, wapi, na mara ngapi kwa juma. Kwa hiyo jambo hili ni la familia nzima na la viongozi pia.

Kuni zinatoka wapi?

Wazee wa Rutshuru na Nyiragongo wanakumbuka mwaka 1994, wakati makambi makubwa ya wakimbizi kutoka Rwanda yalipojengwa kandokando ya Mbuga ya Virunga. Maelfu ya watu waliingia mbugani kila siku kutafuta kuni, na sehemu kubwa za msitu zikabaki wazi. Virunga ni mbuga tangu mwaka 1925, na kukata miti humo ni marufuku. Hata hivyo, sehemu kubwa ya makala iliyouzwa Goma kwa miaka mingi ilitoka humo, na pesa za biashara hiyo zimelisha vikundi vyenye silaha.

Wanaoumia zaidi ni wamama na wasichana. Mwaka 2023, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walieleza kwamba wengi kati ya wanawake waliotibiwa kwa sababu ya ubakaji katika makambi ya kando ya Goma walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Kosa ni la mshambuliaji, si la mama wala la jiko lake. Lakini kama jiko likipunguza safari nne za msituni kuwa mbili, hatari nayo inapungua.

Kwanza tuelewe moto

Moto wa kawaida wa mafiga matatu unatawanya joto lake. Upepo unachukua sehemu, mawe na udongo vinachukua sehemu, nyingine inapita kando ya sufuria. Mara nyingi joto linaloingia katika chakula halifiki hata moja ya tano ya joto lote la kuni. Jiko zuri linafanya mambo mawili tu: linafunga moto usitawanyike, na linauleta karibu na sufuria. Mengine yote ni nyongeza.

Watu wengi wanafikiri makala inaokoa miti kwa kuwa haina moshi mwingi. Sivyo. Katika tanuri la udongo linalotumika vijijini, kilo 100 za kuni kavu hutoa kati ya kilo 10 na 20 tu za makala. Zilizobaki zimepotea huko huko porini. Makala ni nyepesi kubeba na ni rahisi kutunza, lakini kila gunia limekula miti mingi.

Aina za majiko tunazozijua

1. Mafiga matatu. Hayanunuliwi, yanabeba sufuria ya ukubwa wowote, na hayatikisiki wakati wa kusonga bugali. Ubaya wake ni moshi mwingi na kuni nyingi. Kama huna jiko lingine, yasogeze mafiga karibu, kisha zungushia ukuta mfupi wa mawe na udongo kukinga upepo. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya ukuta na sufuria ili joto lipande pembeni yake.

2. Jiko la udongo. Familia inaweza kulijenga yenyewe kwa udongo wa mfinyanzi, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Linafunga moto vizuri na gharama yake ni jasho tu. Lakini lazima likauke majuma mawili au matatu mbele ya kuwashwa, la sivyo litapasuka. Linahitaji paa, kwa sababu mvua inalibomoa. Tena halibebeki. Na pale ambapo ardhi ni mawe ya volkano, kama Goma na Nyiragongo, udongo wa mfinyanzi ni shida kuupata.

3. Jiko la chuma la kuni lenye kiwiko. Kuni zinaingia kwa mdomo wa chini, moto unapanda katika bomba fupi hadi kwenye sufuria. Linatumia vijiti vyembamba, hata matawi yaliyookotwa, bila kukata mti mzima. Linabebeka. Lakini linataka kuni zilizopasuliwa na mtu wa kusukuma vijiti mara kwa mara. Ukiondoka, moto unazimika.

4. Mbabula ya kawaida ya bati. Bei yake ni ndogo na kila fundi wa mabati anaijua. Lakini bati linatoa joto nje pande zote. Ukiweka mkono kando yake na kuona linaunguza, ujue hapo ndipo pesa yako inapotokea.

5. Mbabula yenye kikombe cha udongo ndani. Ilianza kusambaa kutoka Kenya katika miaka ya 1980. Huko Goma, shirika la WWF lilisaidia mafundi kutengeneza aina yake inayoitwa Jiko Okoa. Kikombe cha udongo kinashika joto, na makala inaweza kupungua kwa theluthi moja au zaidi. Bei yake inapita ile ya mbabula ya bati, lakini familia inayonunua makala kila siku inarudisha pesa hiyo. Usiimwagie maji kuzima moto, kwa maana kikombe kitapasuka. Funika tu, makala itazimika yenyewe na kesho utaitumia tena.

6. Gesi na umeme. Havina moshi na havikati mti. Tangu kituo cha umeme cha Matebe, katika Rutshuru, kilipofunguliwa mwezi wa 12 mwaka 2015, nyumba kadhaa za Goma zimeweza kuunganishwa. Kama una nyumba ya kudumu, nyaya salama na pesa za kila mwezi, ni uchaguzi mzuri. Lakini chini ya shitingi, mahali vibanda vinapogusana, hatukushauri gesi. Bomba moja likivuja, mstari mzima unaweza kuteketea.

Maswali matano mbele ya kuchagua

Swali la kwanza: ni kitu gani cha kuchoma unachoweza kukipata bila hatari? Kama ni vijiti vya shamba, usinunue jiko la makala. Kama unaishi mjini na unanunua makala, jiko la kuni litakupeleka porini bure.

Swali la pili: mnapika nini, na mko wangapi? Tumeona majiko mazuri yaliyogawiwa yakageuka viti vya watoto, kwa sababu sufuria ya watu wanane haikukaa juu yake, au yalipinduka mama aliposonga bugali kwa nguvu. Mbele ya kuchukua jiko, weka juu yake sufuria yako mwenyewe na uzungushe mwiko.

Swali la tatu: je, mnaweza kuhama tena? Hili ni swali chungu, lakini tulijibu kwa ukweli. Mwezi wa 2 mwaka 2025, makambi makubwa ya kando ya Goma yalipofungwa kwa haraka, kila familia ilibeba ilichoweza kubeba. Jiko la udongo lilibaki. Jiko dogo la chuma lilifungwa juu ya godoro likaenda. Kama hujui utalala wapi mwezi ujao, chagua jiko linalobebeka. Kama umerudi kijijini kwako na unajenga, jenga la udongo.

Swali la nne: nani atalitengeneza likiharibika? Jiko ambalo fundi wa soko lenu haliwezi ni mgeni, litaondoka upesi.

Swali la tano: nani anachagua? Mara nyingi baba anatoa pesa, shirika linatoa majiko, na mama anayepika hajaulizwa. Aulizwe kwanza yeye.

Hatari mbili za kukumbuka

Ya kwanza ni sumu ya makala. Watu wa Goma na Sake wanajua mazuku, hewa ya volkano inayolala mabondeni na kuua mbuzi na hata watoto. Makala inayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa inatoa hewa nyingine ya sumu. Nayo haionekani wala hainuki. Mtu anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi ambao hauamki. Usiingize kamwe mbabula chumbani ili kuota moto usiku. Ukiona mtu ana dalili hizo, mtoe nje upesi apate hewa safi, kisha mpeleke kituo cha afya.

Moshi wa kuni nao unaua polepole. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3,2 duniani walikufa kutokana na moshi wa ndani ya nyumba, wengi wakiwa wale wanaokaa karibu na moto. Pika nje au mahali penye paa tu bila kuta, na mtoto mchanga asikae mgongoni juu ya moshi.

Hatari ya pili ni moto wenyewe. Shitingi inashika haraka sana. Weka jiko mbali nayo, angalia upepo unaelekea wapi, na uwe na ndoo ya mchanga karibu.

Kupunguza kuni bila kununua jiko

Loweka maharagi tangu jioni, umwage maji hayo, upike kwa maji mapya. Pasua kuni na uzikaushe, kwa maana kuni mbichi zinachoma nguvu zake kukausha maji yake. Funika sufuria. Chakula kikianza kuchemka, punguza moto, kwani maji yanayochemka kwa kelele hayana joto kupita yale yanayochemka polepole.

Kuna pia kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa, ukijaze majani makavu ya migomba au nguo kuukuu. Chemsha vizuri maharagi yaliyolowekwa kwa muda wa dakika 30 hivi, uweke sufuria iliyofunikwa ndani ya kikapu, uifunike tena kwa blanketi. Baada ya saa tatu au nne, yarudishe motoni yachemke tena hadi yaive. Utaona muda wa moto umepungua sana.

Kazi ya viongozi

Ninyi wachefu na wajumbe wa kamati, shirika likija na majiko, msikubali kuyapokea mbele ya kuyajaribu. Jaribio ni rahisi. Waiteni wamama watatu, kila mmoja na jiko la aina yake. Pimeni kwa mizani kuni zilezile kwa kila mmoja, wapike chakula kilekile kwa sufuria za ukubwa mmoja, kisha pimeni kuni zilizobaki. Mbele ya macho ya wote, jiko litajieleza lenyewe.

Tena, msikubali majiko yagawiwe kwa waliokimbia peke yao huku jirani maskini aliyewapokea anaangalia. Hapo msaada unageuka mbegu ya wivu. Familia za wenyeji wasiojiweza ziwekwe kwenye orodha, na mafundi wa pande zote mbili watengeneze majiko hayo pamoja.

Mwisho, kaeni na wenye mashamba mkubaliane: miti gani inaweza kukatwa matawi, siku gani, kwa bei au kwa kazi gani, na nani atapanda mingine. Kule Masisi ndivyo ilivyofanyika. Familia zilizokimbia zilikubali kulima siku moja kwa juma, mwenye mikaratusi akakubali kutoa matawi, na wababa wakakubali kubeba kuni pamoja na wamama. Hawakuwa marafiki siku ile. Lakini usiku ule hakuna mti uliokatwa, na asubuhi watoto walikunywa uji.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Katika mtaa wetu, nani anakwenda kutafuta kuni, na anapita njia gani?
- Ni lini mara ya mwisho tuligombana na majirani kwa ajili ya kuni au makala? Tulimaliza namna gani?
- Kama kila nyumba ingepunguza kuni kwa nusu, ni nini kingebadilika kati yetu na wenyeji?