Hesabu ya Mibofyo Isiyo na Faida

Mbunifu wa violesura anayejitegemea, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kigali, hupokea swali lile lile karibu kila anapopewa kazi mpya: je, mtumiaji ataweza kumaliza shughuli yake kwa mibofyo mitatu? Wateja wengine hata hawaulizi. Huliandika kwenye maelezo ya kazi kama sharti, pamoja na rangi za kampuni na tarehe ya kukabidhi. Swali hili lilishajibiwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, na kuendelea kulishikilia kunawagharimu wateja fedha na kuwachosha wanaotumia programu zao.

Kanuni ya mibofyo mitatu ilienea mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za modemu za simu, ukurasa mmoja ulipoweza kuchukua muda mrefu kufunguka. Kubofya mara tatu kulimaanisha kusubiri mara tatu. Vitabu vya usanifu wa tovuti vikaipokea kama busara ya mafundi, na busara hiyo ikasambaa kabla ya mtu kuipima.

Aliyeipima ni Joshua Porter, wa kampuni ya utafiti ya User Interface Engineering nchini Marekani, mwaka 2003. Alichambua kumbukumbu za watumiaji 44 waliojaribu kukamilisha kazi 620, jumla ya mibofyo zaidi ya 8,000. Kama kanuni ingekuwa ya kweli, takwimu zingeonyesha watu wakijitoa kwa wingi baada ya mbofyo wa tatu. Hazikuonyesha hivyo. Mtu aliyefika mbofyo wa 12 hakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukata tamaa kuliko aliyefika wa tatu, na manung'uniko hayakupanda kadiri mibofyo ilivyoongezeka. Walioridhika na wasioridhika walitofautiana kwa jambo moja: kupata au kukosa walichokuwa wakikitafuta. Ndiyo maana lalamiko la "mibofyo mingi" lisichukuliwe kama lilivyo. Mara nyingi anayelitoa amepotea, na anahesabu hatua za kupotea kwake.

Peter Pirolli na Stuart Card, waliokuwa kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California, walikuwa wamelieleza jambo hili katika miaka ya 1990 kwa nadharia ya usakaji wa taarifa. Mtu anayetafuta kitu kwenye skrini hufuata harufu, kama mnyama anayesaka chakula. Harufu ikikolea kwa kila hatua, anaendelea bila kuhesabu. Ikififia, anarudi nyuma au anaondoka. Harufu hiyo hutoka kwenye maneno. Mtu anayetaka kubadili namba ya simu aliyojisajilia, akikuta menyu yenye "Huduma Zaidi" na "Huduma Nyingine", hana cha kufuata hata kama jibu liko mbofyo mmoja mbele yake. Akikuta "Akaunti yangu", kisha "Taarifa zangu", kisha "Badili namba ya simu", kisha "Thibitisha namba mpya", amepita hatua nne bila kusita hata mara moja.

Chukua tiketi ya basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza. Abiria ana maamuzi ya kufanya: asafiri lini, apande basi gani, akae siti ipi, tiketi iandikwe jina la nani, alipe kwa mtandao upi. Hayo ni maamuzi matano, na hakuna ubunifu unaoweza kuyafanya matatu. Mteja anayeng'ang'ania mibofyo mitatu hulazimisha yote yarundikwe kwenye skrini moja. Madhara yake yanaonekana kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka. Mpangilio wa siti umebanwa hadi namba hazisomeki. Kidole kinalenga C3 kinagusa C4. Abiria akianza kuandika jina, kibodi inapanda na kufunika nusu ya skrini pamoja na kitufe cha kulipia. Akikosea tarakimu moja ya namba ya simu, ujumbe mwekundu unatokea juu kabisa, mahali asipopaona tena kwa sababu ameshateremka chini. Anabonyeza "Lipa". Kimya. Anabonyeza tena. Mwisho anafunga programu na kumpigia wakala wa stendi ya Mbezi amkatie tiketi kwa njia ya zamani. Kwa hesabu ya mwenye programu, sharti la mibofyo mitatu lilitimizwa.

Maamuzi hayo matano yakigawanywa kwenye skrini tano, kila moja ikiwa na swali moja, abiria yule yule hupita haraka zaidi. Kosa linaonyeshwa pale pale lilipofanyika. Kibodi ya namba inafunguka panapohitajika namba. Mtandao ukikatika, kilichokwisha kujazwa kinabaki. Wasimamizi wa GOV.UK, tovuti ya huduma za serikali ya Uingereza, huwaelekeza wabunifu wao waanze hivyo hivyo: swali moja kwa ukurasa. Hii ni tovuti inayohudumia wananchi wa kila umri na kila kiwango cha elimu, na haikuona haja ya kuhesabu mibofyo.

Zipo pia hatua ambazo kuziondoa ni kosa la kitaalamu lisilo na utetezi. Anayetuma pesa kwa simu akionyeshwa jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka, ameongezewa hatua, na hatua hiyo ndiyo inayomwokoa aliyekosea tarakimu ya mwisho. Wateja wa Safaricom nchini Kenya wanaijua kwa jina la Hakikisha. Mbunifu anayekubali kuifuta hatua ya namna hiyo ili mtiririko uonekane mfupi amehamisha mzigo kutoka kwenye skrini na kuutupa kwenye dawati la huduma kwa wateja, ambako mtu analilia pesa yake ya ada ya shule.

Panapostahili kuhesabu hatua ni kwenye menyu za USSD, zile za nyota na reli. Huko kila jibu ni safari ya kwenda mtandaoni na kurudi, ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, na kikao kikichelewa hukatika, mtu akaanza upya. Hata hapo, kinachomwokoa mtumiaji zaidi ni kupunguziwa kuandika: namba aliyoitumia jana ikumbukwe, kiasi cha kawaida kipendekezwe, na chaguo linalotumiwa na wengi liwe namba moja.

Imani hii haifi kwa sababu imefungamana na namna kazi za kujitegemea zinavyolipwa. Bei hutajwa kwa skrini. Mteja akipunguza hatua anaona amepunguza ankara, na hapo kanuni ya mibofyo mitatu inamfaa kama kisingizio cha kitaalamu. Mbunifu naye, akilipwa kwa skrini, hana sababu ya kifedha ya kuondoa skrini isiyo na kazi, na akipendekeza nyingine inayohitajika anaonekana anatafuta pesa. Makubaliano ya namna hii yanamnyima mteja ushauri wa kweli tangu siku ya kwanza.

Njia zilizo bora ni chache na hazina siri. Bei iwekwe kwa kazi ambayo mtumiaji anapaswa kuikamilisha, kwa mfano "abiria akate tiketi na kuipokea", na malipo yaende kwa awamu: sehemu kabla ya kuanza, sehemu baada ya majaribio, salio wakati wa kukabidhi. Idadi ya duru za marekebisho itajwe. Maneno ya vitufe na ya ujumbe wa makosa yaandikwe mwanzoni, pamoja na michoro, na yasiachiwe mtengeneza programu ayajaze usiku wa mwisho. Vitu vya kuguswa kwenye Android visipungue 48 kila upande kwa kipimo cha skrini cha dp, na maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakisomeki juani. Prototaipu ijaribiwe na watu watano wanaofanana na watumiaji halisi, kwa simu zao wenyewe. Mtafiti wa violesura Jakob Nielsen alikadiria mwaka 2000, kutokana na kazi aliyoifanya na Thomas Landauer, kuwa watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Wajaribiwa waombwe ridhaa kabla ya kurekodiwa, kwa kuwa Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022. Faili za michoro za Figma zikabidhiwe kwenye akaunti ya mteja. Mkataba useme nani mwenye hakimiliki: nchini Kenya, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza pasipo makubaliano mengine, na wabunifu wengi hugundua hilo wakiwa wamechelewa.

Mwenye programu anayeogopa kuwa hatua zake zimezidi ampe simu mtu asiyeijua programu hiyo, amwombe akate tiketi, kisha akae kimya bila kumwelekeza. Mahali mtu huyo atakaposita ndipo penye kasoro, iwe ni hatua ya pili au ya tisa. Na mkataba wowote unaotaja mibofyo mitatu, mstari huo ufutwe kabla haujasainiwa, na mahali pake iandikwe idadi ya watu watakaoijaribu programu kabla haijaingia sokoni.