Jiko la Kuchomea Dhahabu

Msitu wa Kakamega ndio masalia ya mwisho, upande wetu wa Kenya, ya msitu mkuu wa mvua uliotandaa kutoka Kongo. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, miaka miwili tu baada ya dhahabu kuonekana Kakamega na walowezi kumiminika huko kupima viwanja vya migodi. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ilikuwa imeigeuza sheria yake ya 1930 kuhusu ardhi za wenyeji, ili eneo la madini litwaliwe bila mwenyewe kupewa shamba jingine. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa 1952, wenyeji wakaachiwa mashimo, na mpaka leo Rosterman na Ikolomani watu hushuka ardhini kutafuta kilichosazwa. Husemwa sana kwamba wachimbaji hawa ndio watakaoumaliza msitu. Nionavyo, tumeikodolea macho miti tukaisahau zebaki.

Mawe yakitoka shimoni huvunjwavunjwa kwa nyundo, kazi ambayo mara nyingi ni ya wanawake. Kisha husagwa, unga ukaoshwa, na mchanga mzito unaobaki kwenye karai ukatiwa zebaki. Mwoshaji huukoroga kwa mikono mitupu mpaka chembe za dhahabu zishikane, halafu huukamua kwa kitambaa, likabaki donge dogo jeupe linalong'aa. Karibu nusu ya donge hilo ni zebaki. Huwekwa juu ya makaa, pengine kwenye jiko lile lile la kupikia, na baada ya muda mfupi weupe hugeuka manjano. Zebaki iliyotoweka haikwenda mbali: nyingine imeingia mapafuni mwa aliyeliinamia jiko, nyingine itashuka na mvua. Ile iliyomwagwa na maji ya kuoshea hutua kwenye tope la mto, ambako bakteria huigeuza kuwa methilizebaki. Hiyo huingia kwa samaki wadogo, wakaliwa na wakubwa, sumu ikizidi kila hatua, na kwa mama mjamzito hupenya hadi ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mto Isiukhu hupita msituni ukaingia Nzoia, Nzoia ikamwagika Ziwa Victoria, na samaki wa ziwa hilo huuzwa katika masoko yetu ya Bungoma na Kitale.

Wapo watakaosema kwamba mashamba, mbao na makaa vimekata miti mingi kuliko mchimbaji. Ni kweli, na ndiyo sababu sioni faida ya kumhukumu kwa ukubwa wa shimo lake, maana shimo hufukika. Wengine hudai kwamba zebaki imetumika miaka mingi na watu wako hai. Lakini sumu hii haiui kwa kishindo kama mgodi unaoporomoka, kijiji kizima kikakimbilia na majembe. Huanza na mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kumbukumbu kufifia, na mgonjwa akadhani ni uchovu au umri. Kule Minamata, Japani, ambako taka za kiwanda zilimwagwa baharini, ugonjwa ulitambuliwa rasmi 1956, baada ya wavuvi na watoto wao kuwa wamekwisha kulemaa.

Marufuku ya jumla siiungi mkono. Zebaki inapendwa kwa kuwa humpa mtu asiye na mtaji pesa jioni ile ile, dalali akiwa amesimama na mizani yake. Askari wakitokea, jiko huhamishiwa chumbani, na moshi ukawa wa watoto waliolala. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Kenya iliuridhia 2023, haudai migodi midogo ifungwe. Unataka kwanza kukomeshwa kuyachanganya mawe yote na zebaki, kulichoma donge peupe, kulichoma kwenye makazi, na kutia sianidi kwenye mchanga uliotiwa zebaki kabla zebaki hiyo haijaondolewa. Chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba la kupozea moshi huirudisha sehemu kubwa ya zebaki, mchimbaji akaitumia tena badala ya kununua nyingine. Benguet, Ufilipino, wachimbaji huyeyusha dhahabu kwa boraksi bila zebaki kabisa, ingawa njia hiyo inataka mchanga uliooshwa vizuri mno, na kuosha hivyo kunataka vifaa ambavyo mtu mmoja hawezi kuvinunua. Hapo ndipo kibali kinapohitajika, maana kikundi kisichotambuliwa hakikopeshwi mashine. Sheria ya Madini ya 2016 ilishamtambua mchimbaji mdogo na kuweka kamati katika kaunti. Kamati hizo zingeanza na kitu kimoja kidogo: banda la pamoja la kuchomea, mbali na nyumba, lenye chungu hicho cha chuma, ili jiko la nyumbani libaki la kusongea ugali.