Alama Zisizoonekana Katika Maandishi

Tuseme karani wa Levolosi, jijini Arusha, amebandika katika jedwali la kompyuta orodha ya wafugaji wanaongojea chanjo ya mifugo. Anakitafuta kijiji cha Ng'iresi, mteremkoni mwa Mlima Meru. Kompyuta yajibu kwamba hakimo, ilhali yeye anakiona. Wafugaji wake huenda wakasahauliwa.

Kompyuta hulinganisha namba, si maumbo. Ritifaa iliyonyooka ni 39. Iliyopinda, ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe, ni 8217. Nafasi ya kawaida ni 32. Isiyokatika ni 160. Na iko nyingine, 8203, isiyo na upana kabisa.

Kubandika maandishi matupu, tiba ipendwayo na wengi, huondoa mapambo tu. Afadhali kuinakili alama inayoshukiwa, kuiweka katika kisanduku cha kutafutia, na kuibadilisha popote ilipo kwa ile ya kibodi.